Bwana George Smith, Mchonga Nakshi Aliyesoma Habari za Gharika



Tumeona ni vema leo tuseme habari za mtu mmoja mwenye elimu ya mambo ya kale, jina lake George Smith, Mwingereza wa mji wa London. Huenda baadhi yenu mkajiuliza, Je, mtu aliyekufa mwaka wa 1876 katika nchi ya mbali yatuhusu nini sisi, tulio na mashamba ya kulima, kodi za kukusanya na watoto wa kufundisha? Tunawaomba mtuvumilie kidogo. Mtu huyu hakuwa mwana wa matajiri, wala hakupata kusoma katika chuo kikubwa. Alikuwa fundi wa mikono. Hata hivyo yeye ndiye aliyesoma, kwanza katika watu wote wa zama zetu, maneno yaliyokuwa yamefichika udongoni zaidi ya miaka elfu mbili.

Alizaliwa London, mtaa wa Chelsea, tarehe 26 Machi 1840. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini, nao hawakuweza kumweka shuleni miaka mingi. Alipopata umri wa miaka 14 walimtia katika kiwanda cha kupiga chapa cha Bradbury na Evans ajifunze kazi ya kuchonga nakshi katika bamba za madini, zile ambazo kwazo hupigwa chapa noti za benki. Kazi hiyo yataka macho makali, mkono mtulivu na subira nyingi, maana mstari mmoja mwembamba ukikosewa, bamba zima huharibika. Tafadhali likumbukeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililomfaa baadaye kuliko fedha.

Siku zile watu wa Uingereza walikuwa wakizungumza sana habari za mji wa Ninawi. Ninawi ni mji uliotajwa katika vitabu vya dini, ndio mji ambao Nabii Yunus alitumwa kwenda kuwaonya watu wake. Ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Ashuru, kando ya mto Tigri, ukabiliana na mahali palipo mji wa Mosul katika nchi ya Iraki. Mwaka wa 612 kabla ya Kristo adui zake waliuteka na kuuchoma moto, ukawa vilima vya udongo, na wachungaji wakalisha kondoo juu yake. Katika miaka ya kati ya karne ya 19 Bwana Layard, Mwingereza, alivichimba vilima hivyo, na baada yake Bwana Hormuzd Rassam, mwenyeji wa Mosul. Walitoa sanamu kubwa za mafahali wenye mabawa na picha za mfalme akiwinda simba. Lakini pamoja na hayo walikuta vyumba vilivyojaa vigae vya udongo vyenye alama ndogo ndogo, kama nyayo za ndege zilizopita juu ya tope. Vilitiwa katika makasha vikapelekwa London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Vigae hivyo ndivyo vilivyokuwa vitabu vya mfalme Ashurbanipali, aliyetawala tangu mwaka wa 668 kabla ya Kristo. Mfalme huyu alijisifu kuwa anajua kusoma na kuandika, naye aliagiza maandiko ya kale yakusanywe katika nchi zake na kuwekwa katika nyumba yake. Waandishi wake hawakuwa na karatasi. Walichukua udongo mbichi, wakautengeneza kama kibao kidogo, wakabonyeza ncha ya unyasi uliochongwa, kila alama ikawa na umbo la kabari. Udongo ukikauka, maandiko hudumu. Ajabu ni hii, ule moto ulioiangamiza Ninawi uliviunguza vibao vingi kama vyungu katika tanuri, vikazidi kuwa vigumu. Adui walitaka kuufuta mji, kumbe wamevihifadhi vitabu vyake! Ila dari zilipoanguka, vibao vilivunjika vipande vipande, navyo hivi sasa vyahesabiwa kupita 30,000.

Labda mtu atauliza, Twajuaje kwamba maandiko hayo yamesomwa kwa kweli, na ya kuwa wataalamu hawakubuni tu? Swali hili ni la haki. Ufunguo wake ulipatikana katika jabali la Behistun, katika nchi ya Uajemi, ambako mfalme Dario aliandika habari zake kwa lugha tatu. Bwana Henry Rawlinson, aliyekuwa askari, alipanda jabali hilo mara nyingi kwa hatari ya maisha yake akayanakili maneno hayo. Kwa kuyalinganisha majina ya wafalme, yeye na wenzake walipata sauti za alama, kisha maana ya maneno. Hata hivyo watu wengi hawakusadiki. Basi mwaka wa 1857 wataalamu wanne, Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, walipewa andiko moja jipya, kila mmoja alifasiri peke yake na kuitia tafsiri yake katika bahasha iliyotiwa muhuri. Zilipofunguliwa mbele ya waamuzi zilionekana kupatana katika mambo makubwa. Ninyi machifu mnaijua desturi hiyo. Mashahidi wakiulizwa mbalimbali, kila mmoja peke yake, na maneno yao yakapatana, baraza huamini.

Basi kijana Smith alivisoma vitabu vya Layard na Rawlinson, na moyo wake ukashikwa. Kila siku mchana, wafanya kazi wenzake walipopumzika kwa chakula, yeye alikwenda kwa haraka hata Makumbusho akatazama vigae. Jioni nazo alizitumia katika kujifunza. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na sehemu yake alinunua vitabu. Mwaka wa 1863 alioa, mke wake Mary Clifton, nao wakapata watoto sita, hata hivyo hakuacha. Mkuu wa idara ya mambo ya kale ya nchi za Mashariki, Bwana Samuel Birch, alimwona fundi huyu kijana akija daima, akamjaribu, akatambua ya kuwa anaweza kusoma alama ambazo hata wazee wa elimu ziliwasumbua. Alimwonyesha kwa Bwana Rawlinson, naye Smith akapewa kwanza kazi ya jioni, kusafisha na kupanga vipande. Mwaka wa 1867 aliwekwa kuwa msaidizi katika idara hiyo. Akaiaga kazi ya nakshi, lakini jicho la mchonga nakshi alikwenda nalo. Aliweza kukitazama kipande cha kigae hapa na kingine kule, akajua kwa mwandiko na kwa jinsi kilivyovunjika kwamba viwili hivyo vilikuwa kimoja.

Hata kabla ya kuajiriwa alikwisha onyesha uwezo wake. Katika mwaka wa 1866 aligundua andiko lililotaja kwamba Yehu, mfalme wa Israeli, alimletea kodi Shalmaneseri mfalme wa Ashuru katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake. Pengine mtu ataliona jambo hili kuwa dogo. Lakini fikirini, wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, walisema mwaka wa nzige, mwaka wa njaa fulani, mwaka wa ndui. Waashuru walikuwa na desturi iliyofanana na hiyo, kila mwaka waliupa jina la mkubwa mmoja wa serikali, nao walizitunza orodha za majina hayo. Katika mwaka mmoja wa orodha imeandikwa kwamba jua lilipatwa. Wenye elimu ya nyota wakapiga hesabu, wakaona ya kuwa kupatwa huko kulitukia mwaka wa 763 kabla ya Kristo. Basi mwaka mmoja ukiisha kujulikana, miaka mingine yote huhesabiwa kutoka kwake, mbele na nyuma. Smith alitoa kitabu kizima juu ya orodha hizo mwaka wa 1875. Hivyo ndivyo hadithi za wafalme zilivyogeuka kuwa tarikhi.

Sasa tufike katika jambo lililolifanya jina lake lijulikane duniani. Mwaka wa 1872, alipokuwa akipanga vipande vyenye hadithi za kale, alikuta kimoja ambacho urefu wake wapata inchi 6. Alisoma humo maneno ya merikebu iliyokwama juu ya mlima, kisha habari ya njiwa aliyepelekwa, akakosa mahali pa kutua, akarudi. Papo hapo alitambua kuwa ni habari za gharika. Lakini sehemu ya kigae ilikuwa imefunikwa na ukoko mgumu kama chokaa, na fundi aliyejua kuvisafisha vigae hakuwapo. Smith akangoja siku kadha wa kadha, hana raha. Fundi aliporudi na kukisafisha, Smith alisoma mistari iliyokuwa imefichika, akaona ni hayo hasa aliyoyatumaini. Imesimuliwa kwamba alikiweka kigae mezani, akaruka-ruka chumbani kwa furaha, hata akaanza kuvua nguo zake, na wenzake wakastaajabu mno. Tusimcheke. Mtu aliyetafuta miaka kumi jambo ambalo hakulijua litakuwa nini, siku alipatapo si ajabu akili kumwondoka kidogo.

Tarehe 3 Desemba 1872 aliisoma tafsiri yake mbele ya chama cha wataalamu wa mambo ya kale ya Biblia, na Waziri Mkuu wa Uingereza, Bwana Gladstone, alikuwapo akisikiliza. Fundi wa nakshi alisimama, wakubwa wa nchi wakakaa kimya. Habari zenyewe kwa kifupi ni hizi. Mtu mmoja aitwaye Utnapishtimu alionywa kwa siri kwamba gharika yaja. Akajenga merikebu, akaipaka lami, akawapandisha jamaa zake na wanyama. Tufani ikavuma siku sita na usiku saba. Maji yalipotulia, merikebu ikakwama mlimani. Siku ya saba akampeleka njiwa, akarudi. Akampeleka mbayuwayu, akarudi. Akampeleka kunguru, naye asirudi.

Ninyi nyote, Wakristo na Waislamu, mnazijua habari za Nabii Nuhu, basi mtaona mara moja mahali zinapofanana. Mtaona pia zinapoachana, maana katika kigae ni miungu mingi, nayo yagombana, si Mungu mmoja mwenye haki. Wakati ule palikuwa na maneno mengi. Wengine walifurahi wakasema, Sasa Maandiko yamepata shahidi. Wengine walisema kigae hiki kina asili ya kale kuliko Torati, basi Torati imekopa. Bwana Smith hakutaka kumpokonya mtu imani yake wala kumpa mtu imani ambayo hana. Kazi ya mwanachuoni, kwa maoni yetu, ni kusoma kilichoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, kisha kukiweka mbele za watu.

Lakini kigae kilikuwa na pengo, baadhi ya mistari ilikosekana. Gazeti moja la London, Daily Telegraph, lilitoa gini 1,000, ndizo shilingi 21,000, Bwana Smith aende Ninawi mwenyewe akautafute mwendelezo. Aliondoka Januari 1873. Hakupata kusafiri nchi za Mashariki kabla ya hapo. Nchi ile ilikuwa chini ya Sultani wa Uturuki, naye akakawizwa kwa kungoja hati ya ruhusa. Alipoanza kuchimba katika kilima cha Kuyunjik, mwezi Mei, hazikupita siku nyingi. Tarehe 14 Mei jioni, alipokuwa akisafisha vipande vya siku ile, alikuta kimoja chenye mistari 17 ya habari za gharika, na mistari hiyo ilielekea kujaza lile pengo. Hebu fikirini, mtu amekwenda kutafuta punje moja katika ghala iliyobomoka, naye akaipata!

Akapeleka habari kwa simu. Gazeti likaipiga chapa, lakini ndani ya ile simu yalionekana maneno kwamba majira ya kuchimba yanakwisha. Bwana Smith aliandika baadaye katika kitabu chake kwamba hayo hayakuwa maneno yake, na ya kuwa yeye alitaka kuendelea. Wenye gazeti walikuwa wamepata walichotaka, basi ikambidi arudi.

Tena yafaa tuseme na makosa yake, maana sifa isiyo na kweli haimfai maiti wala aliye hai. Wataalamu waliokuja nyuma yake waliona kwamba kile kipande cha Mei 1873 hakikuwa cha kigae kilekile, bali ni cha masimulizi mengine ya gharika. Kadhalika jina la shujaa wa hadithi hiyo Smith alilisoma Izdubar, na leo wote wanajua kuwa ni Gilgamesh. Je, makosa hayo yamvunjia heshima? Hata kidogo. Aliyefyeka njia ya kwanza msituni hawezi kuinyoosha yote. Wanaomfuata ndio wanaoinyoosha, lakini wasingalipita kama yeye asingalitangulia.

Mwaka uleule wa 1873, mwezi wa Novemba, alitumwa tena, safari hii kwa fedha ya Makumbusho, pauni 1,000. Alichimba mwanzoni mwa mwaka wa 1874 akarudi na vigae vingi. Akaandika vitabu kwa haraka ya ajabu, mmoja juu ya safari zake na mwingine juu ya hadithi za Wababeli zinazofanana na za kitabu cha Mwanzo. Watu wa kawaida walivisoma, si wataalamu tu.

Safari ya tatu ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Aliondoka Oktoba 1875 kwenda kutafuta hati ya Sultani, na katika mwaka wa 1876 akafika Iraki. Lakini tauni ilikuwa imeenea upande wa Baghdad, nchi ina fujo, na kazi ya kuchimba haikuwezekana. Alipokuwa akirudi kupitia Shamu katika jua kali la kiangazi, alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Akalala katika kijiji kimoja mbali na daktari, kisha akachukuliwa hata mji wa Aleppo, akafa huko tarehe 19 Agosti 1876. Umri wake ulikuwa miaka 36.

Katika daftari lake aliandika maneno machache alipokuwa amelala mgonjwa. Alisema ya kwamba kazi yake yote aliifanya kwa ajili ya elimu aliyoishika. Kwamba alikuwa amekusudia kuvishughulikia mwenyewe vitu alivyovikusanya, lakini sasa ataka vitu hivyo na maandiko yake vifunguliwe kwa wanafunzi wote. Akasema ameitimiza kazi yake, wala haogopi kufa, ila angetaka kuishi kwa ajili ya jamaa zake. Ndugu zetu, tunapofikiri habari zake, hapa ndipo tunaposimama. Mtu aliyetoka katika umaskini kwa kujua yale ambayo wengine hawakuyajua, angaliweza kuona kwamba ujuzi huo ni mali yake, aende nao kaburini. Yeye aliutoa. Mjane wake alipewa na serikali ya Malkia Victoria pauni 150 kila mwaka za kumsaidia kulea watoto.

Kazi haikufa. Bwana Rassam wa Mosul, tuliyemtaja, alirudi kuchimba tangu mwaka wa 1878 hata 1882. Huyu naye ana habari zake upande wetu wa Afrika, kwa maana serikali ya Uingereza ilimtuma kwa mfalme Theodoros wa Habeshi kuwaombea wafungwa, naye mwenyewe akafungwa, asifunguliwe mpaka mwaka wa 1868. Na vile vigae vya Ninawi wataalamu wangali wakiviunganisha hata leo, kipande kwa kipande, kama alivyoanza fundi yule.

Tumalizie kwa maneno mawili matatu. Kwanza twasema na ninyi walimu. Mara kwa mara mwalimu hulalamika kwamba kusoma kwake kumekoma kwa kuwa hana nafasi wala chuo. Bwana Smith alikuwa na saa moja ya mchana na taa ya jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, twasema na ninyi wakubwa wetu. Katika nchi zetu yako magofu na makaburi ya kale, na vigae vinavyofukuliwa kwa jembe. Msiruhusu mawe yake yachukuliwe ovyo kujengea vibanda. Juu ya kilima cha pili cha Ninawi palikuwa na msikiti wenye kaburi lililoheshimiwa kuwa la Nabii Yunus, na mwaka wa 2014 watu wa vita waliulipua. Kilichodumu karne nyingi kiliondoka kwa siku moja. Kuharibu hakutaki elimu.

Tatu, twasema nasi sote. Mfalme Ashurbanipali aliagiza maneno ya wazee wake yaandikwe, ndiyo sababu yamesomwa baada ya mji wake kuwa majivu. Wazee wetu nao wana mengi, nasaba, vita, mahamisho, hukumu za zamani, na kila mwaka tunawazika pamoja na maneno yao. Mwenye kalamu na akae karibu na mzee wake aandike, naye akiisha kuandika asifiche, bali awape wengine wasome. Hivyo ndivyo alivyotaka George Smith katika siku zake za mwisho.